Ndulu wa Munee na Kisanduku cha Nne

Sogeeni, enyi mnaopepeta na mnaochambua, enyi mliotoka kisimani na mnaongoja sufuria itokote. Wekeni chini ungo, punguzeni redio, na mwenye simu mkononi aifudikize mkekani, kwa maana inasimuliwa habari iliyotendeka ndani ya simu, na simu hupenda mno kudakia. Inasimuliwa habari ya Ndulu mke wa Munee, mama wa Muthoka, Ndulu mshika mwiko, Ndulu asiyefumba jicho mbele ya moshi, mwenye shamba la ekari tano juu ya Msambweni, huko walowezi wa Ukambani walikogawiwa ardhi. Namna alivyosimama peke yake mbele ya kaumu nzima, hana ngao, hana sime, hana wa kumshika mkono, ila kidole gumba kimoja cha mkono wa kulia, nacho kidole chenyewe kimefungwa kitambaa kwa sababu kilichunwa na mbuzi ya kukunia nazi. Na kwa kidole hicho akajaza kisanduku kimoja. Kisanduku kimoja tu. Lakini ngojeni mjue ni kisanduku gani.

Kulikuwa na darasa la watu wazima la kujifunza kuoka. Wanafunzi wake walikuwa thelathini na wanane, wanawake watupu isipokuwa Karisa wa kibanda cha chai, na mwalimu wao alikuwa Rispah, mwanamke mwembamba wa bara, mwoka keki katika jiko la hoteli moja huko Diani, mikono yake haitoki harufu ya vanila hata akiiosha kwa sabuni ya kipande. Jumatatu moja kwa mwezi, siku yake ya mapumziko, Mwalimu Rispah alipanda mpaka huko juu akafundisha katika ghala la zamani la korosho, lenye ukuta uliopakwa rangi ya samawati mpaka nusu, kwa kuwa rangi iliishia hapo. Siku zilizobaki darasa lilikaa ndani ya WhatsApp. Mwalimu alituma somo kwa video, wanafunzi wakaoka kwa makaa nyumbani kwao, wakajipiga video nao, wakazituma kundini ili wenzao wazione.

Na wenzao walipoziona walifanya nini? Walituma maua. Walituma mikono iliyokunjwa, na makofi, na mioyo ya kila rangi. Waliandika mashallah, waliandika Bwana asifiwe, waliandika hongera mama keki imetulia. Mtu akituma keki nyeusi kama mgongo wa sufuria, hongera. Mtu akituma keki iliyolala kama chapati, hongera tena, na ua la ziada la kumpa moyo. Mwezi mzima ukapita hivyo, hata Mwalimu Rispah akachoka, akaandika kwa herufi kubwa:

"NYINYI WATU, HII SI HARUSI. NI DARASA. Kuanzia leo tunatumia ruburiki."

Ndipo likashuka kundini lile jedwali la ruburiki, la kupimana kazi, na ambaye hajapata kuliona na aambiwe lilivyokuwa. Upande wa kushoto lilikuwa na vigezo vinne vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini: Usafi, Vipimo, Maelezo, Matokeo. Mbele ya kila kigezo palikuwa na kisanduku kitupu, na ndani ya kisanduku mtu aandike daraja moja katika manne, yale yale ambayo wajukuu wa siku hizi huletewa kwenye ripoti za shule: Kuzidisha Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, na la mwisho, ambalo hakuna aliyelitamka kwa sauti, Mbali na Matarajio. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sababu. Kila mwanafunzi amtathmini mwenzake mmoja, mbele ya kundi zima, kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Asiyetathminiwa hana cheti. Mwenye Kukaribia popote atarudia kuoka Ijumaa na kutuma video mpya. Aliyepewa Kuzidisha au Kufikia kote amefunga, harudii, aende akapumzike.

Juma la kwanza ruburiki ilishindwa vibaya. Watu thelathini na wanane waliwapa watu thelathini na wanane Kuzidisha Matarajio katika visanduku vyote vinne. Keki ya Karisa, iliyokatika mapande matatu ilipokuwa ikiopolewa, ilipata Kuzidisha, na sababu yake ikaandikwa: imegawanyika yenyewe tayari kwa wageni. Mwalimu Rispah aliisoma hiyo jikoni Diani, akaweka simu ndani ya gudulia tupu la sukari, akafunga kifuniko.

Juma la pili akapanga mwenyewe nani amtathmini nani. Na katika orodha hiyo, mstari wa kumi na moja, ikaandikwa: Ndulu wa Munee amtathmini Bi Mwanatumu Chome. Bi Mwanatumu Chome amtathmini Ndulu wa Munee.

Hapa moto ukawaka.

Kwa maana ni nani Bi Mwanatumu? Bi Mwanatumu ni mzaliwa wa pale, Mdigo kamili, umri miaka sabini, sultani wa mkate wa kumimina, ambaye mchele wake wa kusaga na tui lake na hamira yake vimejulikana toka Kibuyuni mpaka Kwale mjini. Ndulu alipofika kutoka Makueni miaka thelathini na minne iliyopita, hajui kukuna nazi, hajui kula samaki mwenye miba, anaingia nyumba za watu na kuuliza moja kwa moja kama kuna ungo wa kuazima, ni Bi Mwanatumu aliyemshika mkono akamwambia: "Mdogo wangu, hapa kwetu mtu haombwi kitu kabla ya kuulizwa hali, na ukishamuuliza hali yake, muulize na ya mbuzi wake." Basi Ndulu akajifunza. Leo Ndulu husalimu kwa ukamilifu kuliko wazawa wengine.

Na jambo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Jumamosi ya juma lile lile Bi Mwanatumu alikuwa akimwoza mjukuu wake, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Vanga, watu wa heshima zao, wenye mama mmoja mkubwa wa umbo ambaye habari zake zilitangulia: kwamba amewahi kurudisha pilau ya arusi kwa kusema imekosa bizari. Na keki ya arusi hiyo angeoka Bi Mwanatumu mwenyewe, kwa mkono wake, kama alivyofundishwa darasani.

Jumanne video ya Bi Mwanatumu ikaingia kundini. Ilikuwa ya dakika mbili kasoro. Ndulu aliiangalia mara kumi na moja.

Mara ya kwanza alifurahi. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, kucha zimekatwa, unga umechekechwa mara mbili, na Bi Mwanatumu akieleza kwa sauti ile ile anayosomea dua. Mara ya tatu akaona makaa. Juu ya mfuniko wa sufuria palikuwa na mlima wa makaa mekundu; chini ya sufuria, makaa ya kuhesabika, kama meno ya mzee. Ndulu akaelewa. Huo ulikuwa moto wa mkate wa kumimina, ambao chini hushika upesi na juu ndiko kunakohitaji kupaliwa ili kuwe kwekundu. Mkono wa miaka hamsini ulikuwa umepika keki ya ngano kana kwamba ni mkate wa mchele. Mara ya sita akaona kijiti kikidungwa katikati ya keki na kutolewa upesi, kikaingia ndani ya mkunjo wa leso pasipo kuonyeshwa kamera. Na mara ya kumi na moja akaona yale ambayo hangeweza tena kutoyaona: Bi Mwanatumu alipoiinua keki kuipeleka mezani, juu imekauka kahawia ya kupendeza, katikati ikatikisika. Ilitikisika kama maji ndani ya ndoo anayotwikwa mtoto.

Kundi zima halikuona, au liliona likatuma maua.

Na kabla Ndulu hajameza mate, ikaingia tathmini yake yeye, kutoka kwa Bi Mwanatumu: Usafi, Kuzidisha. Vipimo, Kuzidisha. Maelezo, Kuzidisha. Matokeo, Kuzidisha. Sababu: mdogo wangu ana mkono wa baraka. Na Ndulu alijua vema kwamba keki yake iliungua chini, na kwamba aliipiga picha kutoka juu.

Basi akaitisha baraza. Baraza lilikuwa la mtu mmoja, mumewe Munee, aliyeketi kwenye kigoda akipiga msasa mpini wa jembe, goti lake bovu limenyoshwa mbele kama mzinga wa vita. Munee akasikiliza yote, akapuliza vumbi la mti, akanena.

"Mama Muthoka, sikiliza neno la mtu aliyekula chakula chako miaka thelathini na minane akiwa kimya. Andika Kuzidisha. Kwani ni ardhi unagawa? Ni neno. Liandike, uje uniwekee chai."

"Nikiandika Kuzidisha amefunga," Ndulu akasema. "Harudii. Jumamosi ataoka vile vile, na wale wa Vanga watakata keki watoe uji."

"Basi mwambie arudie bila kuandikwa."

"Atarudia kwa nini, Baba Muthoka, na kundi zima limemwambia yeye ni malkia?"

"Basi usiandike kitu."

"Nisipoandika hana cheti."

Munee akaurudia mpini wake, akausugua kwa muda. "Basi mwendee nyumbani," akasema mwishowe. "Mwambie kwa mdomo. Mdomo hauna mashahidi."

Na Ndulu akaona kwamba shauri hilo lina akili. Jumatano alasiri akaoga, akajifunga leso mbili, akachukua mayai sita ndani ya kikapu ili asiende mikono mitupu, akateremka kumkabili Bi Mwanatumu ana kwa ana. Njiani aliisema hotuba yake mara nne, mara moja kwa Kikamba na mara tatu kwa Kiswahili, na mara zote nne ilikuwa fupi na ya upole na yenye neno makaa.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, mdogo wangu. Pita ndani."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Munee hajambo?"

"Hajambo, ila goti."

"Goti linataka mafuta ya nazi ya moto. Na Muthoka huko Mombasa?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Na yule ng'ombe?"

"Amezaa, ndama jike."

"Alhamdulillahi."

Walipomaliza walio hai wakaingia kwa wagonjwa, na walipomaliza wagonjwa chai ikafika, na mkate wa kumimina pamoja nayo, mlaini, umetoboka vishimo vizuri, mtu akiula anasahau alichokuja kusema. Ndulu akala kipande. Akala cha pili. Chini ya meza walikuwako kuku watatu waliosimama kimya, kila mmoja akitikisa kichwa na kufuta mdomo wake ardhini, huku na huku, kama watu waliolamba gundi.

"Dada, hawa kuku wana nini?"

"Joto," akasema Bi Mwanatumu.

"Na ile keki ya jana, ingalipo?"

"Keki imekwisha. Watoto walikula pembeni pembeni, wakasema wameshiba. Iliyobaki nikawapa hawa."

Ndulu akafungua kinywa chake. Hotuba ilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Lakini Bi Mwanatumu alikuwa ameshainuka, akaenda chumbani, akarudi na doti ya leso mpya, ya zambarau na nyeupe, ingali na gundi ya kiwandani, akaiweka juu ya mapaja ya Ndulu.

"Ya Jumamosi," akasema. "Ndugu zangu wote wa kike watavaa hii. Wewe utakaa mkeka wa mbele, na mimi. Na yule mama wa Vanga nimeshampigia simu, nimemwambia asijisumbue na keki za dukani. Nimemwambia keki ni yangu, na imepimwa na darasa."

Basi Ndulu akafunga kinywa chake, akashukuru, akaaga, akapanda kilima na leso kichwani. Hivyo ndivyo alivyoshindwa vita vya kwanza, na asimcheke mtu. Majemadari wameshindwa kwa kitu kidogo kuliko doti ya leso.

Alhamisi ikapambazuka. Ndulu alikamua ng'ombe, akafagia, akaanika mahindi, akayaanua, akayaanika tena. Saa tano ilipopita Munee akamtazama, akamsogezea simu. Na kwa kuwa mtandao wa simu hausimami katika nyumba ile, ila juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, Ndulu akakipanda kichuguu, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, leso ameifunga kiunoni, akasimama kileleni kama mlinzi wa ngome, jua juu ya utosi wake na ndama chini akimkodolea macho. Akakifungua kile kitambaa cha kidole, kwa maana simu haitambui kitambaa. Akaanza.

Usafi. Akaandika: Kuzidisha. Na ilikuwa kweli, kucha za Bi Mwanatumu zingeweza kulishia mtoto mchanga.

Vipimo. Akaandika: Kufikia. Kwa kuwa sukari ilipimwa kwa kopo la majani ya chai badala ya kikombe, lakini ilipimwa mara mbili.

Maelezo. Akaandika: Kuzidisha. Hata mwenye shaka angeshawishika.

Matokeo.

Hapo kidole kikasimama. Na simu nayo, kwa kuwa imeona watu wakiandika neno moja tangu juma lililopita, ikamletea neno hilo yenyewe, tayari, limekamilika: Kuzidisha. Ilibaki kuligusa tu. Ndulu akaanza kuandika K na u, simu ikamletea Kuzidisha. Akafuta. Akaandika Kuk, simu ikaleta Kuku. Akafuta. Jasho likamtiririka nyuma ya sikio. Upande mmoja walisimama miaka thelathini na minne, na nazi zote zilizokunwa pamoja, na mkeka wa mbele, na leso ya zambarau. Upande wa pili alisimama yule mama mkubwa wa Vanga, kisu mkononi, na keki mbele yake ikitikisika, na Bi Mwanatumu akitazama. Ndulu aliutazama uso huo wa Bi Mwanatumu ndani ya kichwa chake kwa muda wa kupumua mara tatu. Kisha akaandika herufi moja baada ya moja, kama mtu anayetoa miiba: Kukaribia.

Na chini, penye sababu, akaandika: "Makaa ya juu yalikuwa mengi kama ya mkate wa kumimina, ya chini machache. Juu imeiva, katikati inatikisika. Ikirudiwa na makaa ya chini yakiongezwa itaiva. Ni mimi Ndulu."

Akatuma. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili.

Kundi likanyamaza. Kundi lile, ambalo halikuwa limenyamaza tangu kuundwa kwake, hata siku ya mazishi ya diwani, likanyamaza kiasi kwamba Ndulu alidhani bando limekwisha. Kisha wakaanza mmoja mmoja. Mtu akatuma uso unaotoa jasho. Mtu akaandika tuombeane. Mtu akamtumia Bi Mwanatumu maua kumi na mawili bila neno. Na Karisa wa kibanda cha chai, mtu wa amani, akaleta ngazi ya kushukia:

"Mama Muthoka shikamoo. Nadhani kidole kimeteleza hapo namba nne. Hata mimi hunitokea. Bado unaweza kufuta, hakuna atakayesema kitu."

Ndulu akaiangalia ngazi hiyo. Ilikuwa ngazi nzuri, imara, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari hewani. Akaandika:

"Marahaba Karisa. Kidole hakikuteleza."

Na enyi mnaosikiliza, wapo waliobomoa kuta za mawe kwa kishindo kidogo kuliko hicho.

Ndipo juu ya kioo pakatokea maandishi kwamba Bi Mwanatumu anaandika. Yakapotea. Yakatokea. Yakapotea. Munee aliyekuwa amechechemea mpaka chini ya kichuguu akauliza, "Amesemaje?" Ndulu akajibu, "Anaandika." Munee akauliza tena, "Na sasa?" Ndulu akasema, "Ameacha." Ndama akajamba. Kisha ikaingia sauti iliyorekodiwa, ya dakika nne na nukta saba, na Ndulu akaishusha simu chini ili mumewe naye asikie, kwa kuwa mtu akihukumiwa ni vizuri awe na mtu wake karibu.

Dakika tatu za kwanza zilikuwa salamu. Bi Mwanatumu alimsalimu Mwalimu, akawasalimu wanafunzi, akawaombea wagonjwa wawili kwa majina, akampa pole aliyefiwa na shangazi. Dakika ya nne sauti ikashuka.

"Ama kuhusu mdogo wangu Ndulu. Ndulu, mimi nimepika tangu nikiwa kigori. Nimepikia maziko, nimepikia arusi, nimepikia mpaka wageni wa serikali. Miaka yote hiyo hakuna aliyepata kuniambia, Mwanatumu, hiki kibichi. Wanakula, wanashukuru, wanakwenda kuumwa na tumbo kwao." Hapo akasikika kuku akilalamika kwa mbali. "Jana ulipokuja nilijua umekuja na neno. Nikakupa leso ili usiliseme. Leso ni yako, siidai. Sasa nasema mbele ya hawa wote: kijiti kilitoka na unga, nikakificha. Na wewe, bibi wee, keki yako iliungua chini. Siku ile upepo ulikuwa unakuja kwetu, nikainusa mpaka ukumbini, nikakuandikia Kuzidisha kwa kukuonea haya. Naifuta. Matokeo, Kukaribia. Sababu, aliipiga picha kwa juu kama mtu anayeficha chapati ya deni. Kesho asubuhi uje kwangu, tuoke wote wawili. Na uje na makaa yako."

Munee akacheka hata akashika uzio. Ndulu hakucheka. Aliketi juu ya kichuguu, simu mapajani, miguu ikining'inia, akapumua kama mtu aliyeutua mzigo wa kuni.

Kumbe lango lilikuwa limefunguka. Karisa akaandika kwamba keki yake haikugawanyika kwa ajili ya wageni. Ilivunjika, na ilivunjika kwa kuwa alisahau kupaka sufuria mafuta. Mwingine akakiri kwamba keki aliyotuma ilikuwa ya dada yake. Kukaribia zikaanza kuanguka kundini kama mvua ya masika, kila moja na sababu yake, na hakuna aliyekufa. Hata Mbali na Matarajio moja ikathubutu kutoka, naye mwenyewe aliyepewa akaijibu kwa ua. Huko Diani Mwalimu Rispah alikuwa amesimama mlango wa nyuma wa jiko la hoteli, aproni ina unga, akisoma. Akasoma mpaka mpishi mkuu akamwita mara mbili. Akaandika maneno manne:

"Sasa hili ni darasa."

Ijumaa asubuhi uani kwa Bi Mwanatumu makaa yalipangwa kwa hesabu, kama askari: sehemu mbili chini, sehemu moja juu. Ndulu alisimamia ya Bi Mwanatumu, Bi Mwanatumu akasimamia ya Ndulu, na kila mmoja alimwona mwenzake anaharakisha. Walipodunga kijiti waliinama wote wawili, vichwa vikagongana. Kijiti kikatoka kikavu. Walikipitisha mkono kwa mkono, wakakinusa, na Bi Mwanatumu akakiweka juu ya kitambaa cheupe mbele ya kamera kwa muda mrefu kupita haja.

"Sasa utaniandikia nini?" akauliza, simu ilipozimwa.

"Kufikia," Ndulu akasema.

"Kufikia tu?"

"Dada, upande wa kushoto umepanda kuliko wa kulia."

"Hiyo ni meza. Meza imeinama."

"Ruburiki haina safu ya meza."

"Ndulu. Mimi ndiye niliyekufundisha kukuna nazi."

"Na ulinifundisha vizuri. Kufikia."

Bi Mwanatumu akamtazama kwa jicho la kando, akaguna, akaenda kuandika ya kwake; na ya Ndulu nayo ikawa Kufikia, kwa sababu chini haikuungua lakini maelezo yalikuwa ya haraka haraka kama ya mtu anayefukuzwa.

Jumamosi wakwe wakafika kutoka Vanga, vumbi la njia mbovu limewapaka mpaka kope. Pilau ikaliwa, bizari ikakutwa mahali pake. Kisha keki ikatolewa, na Boga, mdogo wake Bi Mwanatumu, mwenye kushika kipaza sauti katika kila shughuli ya ukoo, akasoma karatasi aliyopewa na dada yake, na ambayo alikatazwa kupunguza hata nukta.

"Keki hii imeokwa na bibi yake bibi arusi kwa mkono wake. Na kwa hukumu ya Ndulu mke wa Munee, aliyeketi pale mkeka wa mbele na leso ya zambarau, keki hii imefikia matarajio."

Wageni wakaangaliana. Wengine waliuliza matarajio ya nani. Yule mama mkubwa wa Vanga hakuuliza. Aliinuka, akakitwaa kisu, na badala ya kukata pembeni kama wafanyavyo watu wa adabu, akakidunga katikati, katikati kabisa, akatoa kipande, akakisimamisha juu ya kiganja chake mbele ya umati. Kipande kikasimama wima. Hakikutikisika. Akala, akatafuna bila haraka, Bi Mwanatumu akiwa ameushika mkono wa Ndulu kwa nguvu hata pete ikamwacha alama.

"Na yetu pia imeyafikia," akasema yule mama, akakata kipande cha pili.

Basi vigelegele vikapanda hata vikavuka barabara. Na iandikwe kwa wajao, penye nafasi ya sababu, kwamba juu ya Msambweni, siku ya Alhamisi, saa tano na dakika ishirini na mbili, Ndulu wa Munee alisimama juu ya kichuguu akaandika neno moja la kweli ndani ya kisanduku cha nne, mbele ya watu wote, kwa mtu anayempenda. Na kwamba hapakuwa na mpiga ngoma wala mpiga picha, palikuwa na mume mwenye goti bovu na ndama mmoja, na hao wawili ndio mashahidi wa historia.